Je, wajua kwa nini ekari 30 za mtwana wa Uingereza zilitawanyika vipande vipande?

Katika vijiji vingi vya Uingereza ya zama za kati, mtwana, yaani mkulima asiye huru aliyefungwa kwenye ardhi ya mwinyi (bwana mwenye ardhi), akiwa na sehemu kamili alishika takriban ekari 30 za mwinyi wake. Wengi walikuwa na nusu ya hizo au chini zaidi. Ekari hizo hazikuwa shamba moja. Zilikuwa vipande vyembamba, kimoja kando ya kijito, kingine kule mwinukoni, katikati yake vya majirani. Chanzo kimojawapo cha mpangilio huo ni plau.

Udongo wa sehemu nyingi za kule ni mfinyanzi mzito unaoshika maji. Plau yake ilikuwa na kisu cha kuchana ardhi wima, ncha ya chuma ya kuikata kwa chini, na ubao wa kupindua udongo upande wa kulia. Timu kamili ilihesabiwa kuwa maksai 8. Kugeuza msururu mrefu hivyo ni kazi kubwa, kwa hiyo walilima mistari mirefu, kama mita 200, ndipo wageuke. Ekari ilichukuliwa kuwa kazi ya siku moja: urefu huo kwa upana wa mita 20 tu. Na kwa kuwa ubao ulitupa udongo upande mmoja siku zote, walizunguka kipande kwa namna iliyourundika katikati. Miaka ikipita likainuka tuta, na pembeni ukabaki mfereji wa kutolea maji. Matuta hayo bado yanaonekana kwenye malisho ya Uingereza, mengi yamepinda kama herufi S iliyogeuzwa, kwa sababu maksai walianza kukata kona kabla ya kufika mwisho.

Mtwana hakuwa na maksai 8. Alikuwa na wawili, pengine mmoja, hivyo majirani waliunganisha wanyama na kulima pamoja. Kutawanyika kwa vipande kulisaidia pia kugawana hatari: mvua ikizidi, cha bondeni kilioza na cha mwinukoni kikapona.

Kuchanganyika huko kulimnyima mkulima uhuru wa kupanda atakacho. Vipande vilipokuwa ndani ya mashamba makubwa matatu ya kijiji, moja lilipandwa ngano au rai (nafaka inayofanana na ngano) majira ya vuli, la pili shayiri, maharage na njegere mwezi Machi, la tatu likapumzishwa. Mwaka uliofuata yakabadilishana. Mavuno yakishaondolewa, mifugo ya kijiji kizima iliingia kula mabua na kuacha samadi. Aliyechelewa kuvuna aliliwa mazao yake, na aliyeingiza ng'ombe mapema alitozwa faini kwenye baraza la mwinyi.

Mara nyingi vipande vya mwinyi mwenyewe vilikuwa humo humo. Mtwana alivilima siku 2 au 3 kila wiki bila ujira, na wakati wa mavuno siku ziliongezeka, wakati huohuo ngano yake ikisubiri na mawingu yakitanda. Huo ndio uliokuwa uchungu wake mkubwa, kuliko hata kodi. Aliyesimamia kazi hizo kwa kawaida alikuwa mtwana mwenzao, na upungufu wa hesabu ulidaiwa kwake.

Alichobaki nacho kilikuwa kidogo. Ekari ya ngano ilimwagiwa mbegu kama lita 70, na mavuno ya kawaida yalikuwa mara nne, yaani lita 280. Ondoa 70 za mbegu ya mwakani na 28 za zaka ya kanisa, zinabaki 182. Humo kinu cha mwinyi, alicholazimika kukitumia, nacho kilikata sehemu yake. Mavuno yakishuka hadi mara mbili, mbegu pekee inameza nusu. Ndiyo maana mvua za 1315 na 1316 zilileta njaa iliyoua watu wengi. Tauni ya 1348 ilipopunguza watu, nguvukazi ikawa adimu, na taratibu siku za kazi zikageuzwa kuwa kodi ya fedha.

Kijiji cha Laxton, Nottinghamshire, bado kinalima kwa mashamba matatu ya wazi. Kila mwaka wajumbe wa baraza lake hukagua vipande, na mkulima aliyevuka mpaka hutozwa faini.