Ukija makumbusho acha kunakili vibao, uliza vitu maswali

Msimu wa ziara za shule ukifika mambo ni yale yale. Basi linapaki Mtaa wa Shaaban Robert pale Posta, wanashuka madogo wa kidato cha kwanza na madaftari mkononi, wanaingia Makumbusho ya Taifa wanaanza kunakili vibao kuanzia mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea, wakimaliza wanapiga selfi na magari ya zamani ya viongozi, basi linawasha injini. Sisi tunaoshughulika na elimu kwenye makumbusho tunasema wazi kabisa, hapo mtoto hajapata kitu. Maneno ya kibao hata kwenye simu yapo. Kitu chenyewe ndo kipo hapa tu, na kazi ya mwanafunzi ni kukihoji: umetoka wapi, nani alikuokota, nani alikubeba, na mwenzako mbona simuoni?

Tuanze na Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale wa Olduvai, maana huyo kila mtu anamjua. Ukiuliza darasa zima nani alimgundua utaambiwa "Dokta Leakey" na wanamaanisha Louis, wakati Louis tarehe 17 Julai 1959 alikuwa kambini Olduvai anaumwa homa, aliyetoka asubuhi na mbwa wake akaona mfupa umechomoza kwenye udongo ni mkewe, Mary. Sasa mwambie mwanafunzi aangalie magego ya lile fuvu, makubwa ajabu, halafu apitishe ulimi kwenye magego yake mwenyewe. Taya kama lile ni la mtu wa kutafuna sana siku nzima. Mwanzoni kina Leakey waliamini huyu ndo aliyetengeneza zana za mawe zilizokutwa pale pale, ila kuanzia mwaka 1960 wakaanza kuokota mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, wakampa jina Homo habilis mwaka 1964, na sifa ya zana ikahamia kwake. Yaani kuna kitu kiliandikwa kwa uhakika kabisa na miaka mitano tu baadaye kikabadilishwa na watu wale wale. Kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba jibu ni moja na lipo ukurasa wa nyuma wa kitabu, hilo peke yake linatosha kwa siku nzima.

Na umri je, miaka milioni 1.75 waliihesabu vipi? Walipima majivu ya volkano ya kwenye tabaka lile, potasiamu inavyogeuka kuwa agoni kidogo kidogo, hapo ticha wa kemia na wa jiografia wote wana la kusema, sio wa historia peke yake. Halafu muulizeni mwongozaji swali moja wanafunzi wengi wanaona aibu kuliuliza: hili fuvu kwenye kioo ni lenyewe au nakala? Makumbusho nyingi duniani zinaonyesha nakala na ya asili inafungiwa mahali salama, sio utapeli, ni utunzaji.

Sasa kuna kitu hakipo, na mimi naona hicho ndo somo kubwa kuliko vingi vilivyopo. Mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Kule Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria tani zaidi ya mia mbili. Mifupa ilitembea kwa mabega ya wapagazi mpaka bandarini Lindi, safari ya siku kadhaa, ikapandishwa meli, na leo mmoja wa mijusi hiyo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu unapita mita 13. Vitabu vinataja wakubwa wa kazi, Janensch na Hennig, lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuufukua mfupa bila kuuvunja, na jina lake ni wachache sana wanaolitamka. Na ujue watu wa kusini walikuwa ndo kwanza wametoka kwenye Majimaji ya 1905 mpaka 1907 na njaa iliyofuata. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza kwa nini walikubali kazi ile ya kubeba, ameshaingia kwenye historia ya kweli, ile ya tumbo na kodi ya mkoloni. Kuhusu mjusi arudi au asirudi wajadiliane wenyewe darasani, na mjadala wake huwa mkali kweli.

Mkitoka hapo msikimbilie basi. Tembeeni kwa miguu mpaka Sanamu ya Askari, sio mbali. Watu wanapita pale kila siku wanatafuta daladala bila kuinua macho. Sanamu imesimamishwa 1927 kukumbuka Waafrika waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia, lakini enzi ya Wajerumani mahali pale pale alisimama Hermann von Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri huku pwani. Waingereza walimng'oa wakamsafirisha, akaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo wakamwangusha chini mwaka 1968. Soma maandishi kwenye sanamu, yanawataja wapagazi kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Haya, angalia juu. Umeona mpagazi? Yuko askari peke yake na bunduki yake, wakati waliokufa kwa wingi kwenye vita ile ni wabeba mizigo, kwa njaa na magonjwa. Kambi yao ilikuwa Kariakoo, jina lenyewe limetoka kwenye kikosi chao cha wabebaji, Carrier Corps kwa Kiingereza, na leo tunaenda pale kununua viatu.

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, nacho kina balaa lake: stendi ya Makumbusho inajulikana na nchi nzima ila waliowahi kuingia kwenye kijiji chenyewe kilichoipa jina ni wachache mno. Pale kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Wanafunzi wanaambiwa "hii ya Wagogo, hii ya Wahaya" wanaandika wanasonga. Ngoja kwanza. Kwa nini tembe la Mgogo ni fupi na paa limelala bapa, na msonge wa Mhaya umechongoka na nyasi zimeshuka mpaka chini? Dodoma mvua ni kama milimita 600 kwa mwaka, Bukoba ni kama 2,000. Paa bapa la udongo Bukoba lisingemaliza msimu mmoja. Na kule Dodoma unapata mahali pa kuanikia mtama. Hiyo ndo jiografia, tena inaingia kichwani bila kukariri.

Ngoma zinazochezwa pale na kwenye matamasha mengine ya mjini watu wanazichukulia kama burudani ya kusindikizia soda. Mfano mganda wa watu wa Ziwa Nyasa, wanaume wamevaa kaptula nyeupe, wamejipanga mistari, miguu inaenda kwa pamoja kama gwaride. Kwa sababu ni gwaride kweli, wazee waliwaona askari wa mkoloni na bendi zao wakageuza kuwa ngoma yao. Yule askari wa shaba wa pale Posta na huyu mzee anayecheza Jumapili ni stori moja, ila hakuna kibao kitakachokuunganishia hilo, lazima umfuate mzee akipumzika umuulize. Na singeli msiidharau jamani, mtoto wa Manzese anayejua singeli imetokea wapi, kwenye muziki wa mchiriku na vile vinanda vidogo vya Casio, anajua historia ya jiji hili kuliko anavyodhani.

Ushauri wa kiofisi sasa. Ticha, chagua vitu vitatu tu, usichague jumba zima. Toa taarifa mapema ili mpate mwongozaji, darasa la watoto themanini ligawanywe makundi, na madaftari yabaki kwenye basi nusu saa ya kwanza, waangalie tu. Siku ya Makumbusho Duniani ni Mei 18, ila kama mnataka utulivu njooni siku ya kawaida katikati ya wiki asubuhi, siku hizo hata mwongozaji anakuwa na muda wa kujibu maswali ya kijinga, na hayo ndo huwa mazuri.