Bonge la damu la safarini si ganzi wala uvimbe wa kawaida

Bonge la damu la safarini ni damu iliyoganda ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) kubwa iliyo kati ya misuli ya mguu, aghalabu kwenye shavu la mguu, baada ya mtu kukaa kitako kwa muda mrefu. Kipande chake kikimeguka kikafika mapafuni, kinaweza kuua.

Tatizo ni kwamba katika stendi ya Kange, hapa Tanga, kila anayeshuka kutoka Mwanza au Dodoma huku viatu vinambana huambiwa kuwa damu imemganda, na aliyekalia mguu ukafa ganzi huambiwa vivyo hivyo. Ganzi ya namna hiyo hutokana na neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa, nayo huisha mtu akisimama na kujinyoosha. Uvimbe wa kawaida wa safari hushika miguu yote miwili: ukibonyeza kidole juu ya kifundo kinabaki kishimo, na alama ya soksi imejichora pande zote, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu, ambayo kazi yake ni kuisukuma damu irudi juu, ilikaa bure muda wote. Uvimbe huo hupungua mtu akitembea na kulala ameinua miguu. Bonge la damu kwa kawaida hushika mguu mmoja, ambao huvimba, huuma shavuni na kuwa na joto, na dalili hizo zaweza kuanza siku kadhaa, hata wiki, baada ya safari, wakati hakuna tena anayelikumbuka basi.

Wako pia wanaodhani kuwa bonge hili ni ugonjwa wa wapanda ndege tu. John Homans, daktari wa upasuaji wa Marekani, alipoandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1954, alitaja ndege, lakini alitaja pia motokaa na hata kukaa kwenye ukumbi wa maonyesho. Hatari huongezeka mtu akikaa zaidi ya saa 4, kwa hiyo basi la Dar es Salaam limo. Kwa mwenye afya njema hatari hiyo ni ndogo: atembee basi linaposimama Chalinze, apandishe na kushusha visigino akiwa kitini, na anywe maji, ingawa najua wengi hujinyima kwa kuhofia choo. Mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, mwenye saratani, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni na aliyewahi kupata bonge wamwone daktari kabla ya kusafiri. Aspirini ya kujinunulia haishauriwi kwa kazi hii.

Basi ganzi tuiite ganzi, na uvimbe wa miguu yote miwili tuuite uchovu wa safari. Mguu mmoja uliovimba na kuuma usichuliwe kwa mafuta wala kukandwa, bali upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na pumzi ikibana au kifua kikichoma, mgonjwa apelekwe saa hiyohiyo.