Bei Elekezi Haijazi Ghala

Miongoni mwa wafanyabiashara ninaowaandalia hesabu hapa Moshi, na wachache walioko Arusha, ipo imani moja ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niijibu kwa maandishi: kwamba bidhaa ikiadimika na bei ikapaa, chanzo ni walanguzi, na dawa yake ni Serikali kutangaza bei na kumkamata atakayeizidisha. Kwamba wapo wanaoficha mzigo, sibishi. Ninachokataa ni kuyafanya matokeo kuwa chanzo.

Tuchukue sukari, kwa kuwa sisi wa Kilimanjaro, wenye kiwanda cha TPC pale Arusha Chini, hatuna kisingizio cha kutoielewa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zililowesha mashamba ya miwa katika maeneo mengi ya nchi, uvunaji ukakwama na uzalishaji ukashuka. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, ile ya rejareja ikianzia shilingi 2,700 kwa kilo kutegemea kanda, wakati madukani kilo ilikuwa ikiuzwa 4,000 na zaidi. Wateja wangu wenye maduka walishangaa kwa nini tangazo halikushusha bei, na wengine walihitimisha kwamba ukaguzi ulikuwa legelege. Ukaguzi ungeweza kuwa mkali mara kumi, lakini usingeongeza hata kiroba kimoja katika ghala.

Bei ya 4,000 inaumiza, lakini inafanya kazi: inamfanya mnywaji chai apunguze kijiko, inamvuta mwenye akiba aitoe, na inampa mwagizaji sababu ya kuhangaikia kibali na meli. Ukiishusha kwa amri hadi 2,700, mnunuzi atataka kilo nyingi zaidi, ilhali muuzaji wa rejareja aliyenunua kwa jumla kwa 3,600 atapata hasara ya shilingi 900 kwa kila kilo atakayoiuza kihalali. Atafanya nini? Ataiondoa rafuni na kumuuzia anayemwamini, au atamlazimisha mteja achukue na sabuni asiyoihitaji, au ataacha kabisa kuagiza. Mteja bado analipa ile tofauti, ila sasa anailipa kwa foleni, kwa kujuana na kwa kuzunguka maduka matano, malipo ambayo hayamnufaishi mzalishaji wala mwagizaji, na kwa hiyo hayaleti sukari nyingine.

Kuhusu mlanguzi mwenyewe, yeye huficha mzigo kwa kutarajia kwamba kesho bei itakuwa juu kuliko leo. Mvunjie tarajio hilo kwa mzigo mpya unaoonekana njiani, naye atakuwa wa kwanza kufungua ghala. Ndiyo maana upungufu ule ulitulizwa na vibali vya kuagiza sukari nje na kurejea kwa uzalishaji, na ndiyo maana naiona hatua ya mwaka huohuo ya kuiruhusu NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kushughulikia akiba ya sukari, kupitia Sheria ya Fedha ya 2024, kuwa na akili zaidi kuliko misako yote.

Wazee wenzangu wanapoikariri imani hii hunikera zaidi, maana wao waliyaona. Sheria ya Kudhibiti Bei ilitungwa 1973 na kuunda Tume ya Bei ya Taifa, ambayo kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini ilikuwa ikipanga bei za maelfu ya bidhaa. Mwaka 1983 ukafuata msako wa wahujumu uchumi, na yaliyokutwa majumbani yakatangazwa kama uthibitisho kwamba bidhaa zipo ila zimefichwa. Hata hivyo foleni za sabuni, khanga na unga katika maduka ya kampuni za biashara za mikoa hazikwisha. Maduka yalianza kujaa baada ya bajeti ya 1984, Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa na kuziuza kwa bei iliyo karibu na ya soko.

Sasa wapo wanaonisikiliza hadi hapa kisha wakaruka upande wa pili na kusema kwamba bei yoyote iliyopangwa na Serikali ni balaa. Si kweli. Mafuta ya magari yana bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, tangu 2009; EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza kila mwezi kwa kila mji, na kwa kawaida vituo vya Arusha na Moshi vina mafuta, kwa sababu kanuni ya kuikokotoa inafuata bei ya dunia, kodi, faida ya muuzaji na hata usafiri kutoka bandari ya Tanga. Kikomo kinacholipa gharama hakimkimbizi muuzaji. Agosti 2011, bei iliposhushwa kwa mabadiliko ya kanuni hiyo, baadhi ya kampuni zilisita kuuza na vituo vikakauka.

Mshahara nao ni bei, bei ya kazi, na Serikali huiwekea kima cha chini; kwa hiyo hapo pia nitasema machache. Kila baada ya Mei Mosi napigiwa simu na waajiri wenye hofu. Ongezeko la asilimia 35.1 lililotangazwa Mei 2025, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, lilikuwa la watumishi wa umma. Sekta binafsi ina amri yake, yenye kima cha chini tofauti kwa kila sekta, na ile iliyoanza Januari 2026 ilipandisha wastani kwa takriban asilimia 30, kutoka 275,060 hadi 358,322. Wastani huo si kima chako. Fungua jedwali usome mstari wa sekta yako kabla ya kunipigia.

Wengine husema kwamba mshahara ukipanda theluthi moja, bei nazo zitapanda theluthi moja. Ikiwa mishahara ni asilimia 20 ya gharama zako, gharama zimepanda kwa chini ya asilimia 7. Hesabu hii ni ya darasa la saba.

Na je, kima cha chini lazima kipunguze ajira? Kikiwekwa juu mno, ndiyo. Lakini New Jersey, jimbo la Marekani, ilipopandisha kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992, wanauchumi David Card na Alan Krueger walichunguza jumla ya migahawa 410, ya jimbo hilo na ya Pennsylvania jirani, wakailinganisha, na hawakuona ajira zikipungua. Utafiti huo ulipingwa sana, lakini Card alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2021. Mahali penye mwajiri mmoja mkubwa, kama shamba la maua ambalo kijiji kizima kinalitegemea, mshahara huwa chini ya thamani ya kazi kwa sababu mfanyakazi hana pa kuhamia, na hapo kima cha chini kinaweza kuongeza malipo bila kumwondoa mtu.

Na lile dai la mwisho la waajiri, kwamba mfanyakazi “alikubali mwenyewe” kulipwa chini ya kima cha chini: makubaliano hayo hayana nguvu hata yakiwa na sahihi na mashahidi, na tofauti yote inadaiwa.