Ukialikwa kuwa Mjumbe wa Bodi ya Shirika la Hisani la Nyumba

Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma na mji huu kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, mahitaji ya makazi yameongezeka kwa kasi ambayo mama lishe, kibarua wa ujenzi au mzee asiye na pensheni hawezi kuifuata. Ndiyo maana mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za dini zinazojenga nyumba za kodi nafuu hutafuta wajumbe wa bodi miongoni mwa walimu, wahasibu na watumishi wastaafu. Katika mafunzo tunayoyatoa kwa wajumbe wapya, swali la kwanza huwa ni posho. Jibu ni kwamba kazi hii kwa kawaida ni ya kujitolea, na anayerudishiwa nauli na kupewa posho ndogo ya kikao ashukuru.

Swali ambalo huulizwa mara chache, nalo ndilo zito, ni hili: nyumba hizi ni mali ya nani, na hati yake imeandikwa jina gani? Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 linaweza kumiliki mali kwa jina lake lenyewe. Njia nyingine ni kupitia wadhamini waliosajiliwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hata hivyo, bado tunakutana na viwanja vilivyolipiwa kwa michango ya wafadhili lakini hati ikabaki kwa jina la mwanzilishi, kwa maelezo kwamba "ndiye aliyekuwa akifuatilia ardhi". Mwanzilishi huyo akifariki, wanaofika kugonga mlango ni warithi wenye barua ya usimamizi wa mirathi, na mpangaji mjane anajikuta katikati ya kesi asiyoielewa. Hapa Dodoma kuna jambo la ziada: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA iliyovunjwa mwaka 2017, ilikuwa ikitoa hati za miaka 33. Kwa hiyo mjumbe asome pia hati ilianza lini na inaishia lini, asitosheke na kuonyeshwa muhuri.

Jambo la pili ni fedha, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Tuchukulie shirika lina nyumba 24, na kila nyumba inalipiwa Sh 60,000 kwa mwezi. Makusanyo yanayotarajiwa ni Sh 1,440,000 kwa mwezi. Wapangaji wanne wakishindwa kulipa, kwa mwaka zinapungua Sh 2,880,000, na fungu la kwanza kukatwa huwa ni la matengenezo, kwa sababu bati linalovuja halina mdomo wa kudai kama alionao mlinzi anayesubiri mshahara. Iwapo bodi itaamua kwamba Sh 15,000 za kila nyumba zisiguswe, mfuko wa matengenezo utapata Sh 4,320,000 kwa mwaka iwapo wote watalipa. Mfadhili hufurahi kukata utepe kwenye nyumba mpya. Wa kubadilisha mbao za kenchi zilizoliwa na mchwa baada ya miaka kumi humpati kirahisi. Kwa maoni yangu, bodi isiyo na mfuko huu haijengi makazi ya masikini, inaahirisha tu kubomoka kwake.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nikiwa mjumbe wa bodi ya shirika moja, tuliletewa kabrasha mezani dakika chache kabla ya kikao kuanza, tukapitisha taarifa iliyosema nyumba zote "ziko katika hali ya kuridhisha", kisha tukala chakula cha mchana. Miezi miwili baadaye nilikwenda kuzitazama. Mama mmoja alinikaribisha ndani, akasogeza kabati, akanionyesha ufa ulioanzia kwenye msingi hadi juu ya dirisha. Alikuwa ameuziba kwa karatasi za mfuko wa saruji zilizokunjwakunjwa, na kiganja changu kiliingia. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi wake ulikuwa wa kawaida tu. "Nilimwambia karani mara tatu, mwanangu," alisema. Karani alikuwa ameandika malalamiko hayo kwenye daftari ambalo halikuwahi kufika kwenye bodi.

Kisa kama hicho si cha kwetu peke yetu. Juni 2017 jengo la Grenfell jijini London liliungua na kuua watu 72. Lilikuwa likisimamiwa na shirika la nyumba lenye bodi ambayo wapangaji walikuwa na viti ndani yake, na wakazi walikuwa wameonya kwa maandishi kuhusu hatari ya moto. Kiti cha mpangaji kwenye bodi ni kitu kizuri, lakini daftari la malalamiko linapaswa kuwa ajenda ya kudumu ya kila kikao, likiwa na tarehe lalamiko lilipopokelewa na tarehe lilipofanyiwa kazi.

Kuhusu mgongano wa maslahi sina maneno mengi: ikiwa shemeji yako ana duka la vifaa vya ujenzi na zabuni ya saruji iko mezani, tamka, toka nje, na hakikisha kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba ulitoka. Kumwajiri fundi, kukusanya kodi na kugawa funguo ni kazi ya menejimenti. Mjumbe anayempigia fundi simu usiku kumwelekeza rangi ya kupaka amejitwisha kazi isiyo yake.

Kabla ya kusaini barua ya kukubali uteuzi, omba katiba ya shirika, nakala ya hati, hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya mwaka iliyowasilishwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Kisha omba kutembelea nyumba zenyewe, ikiwezekana Januari, mvua zikiwa zimekolea, na ukifika usiishie barazani.