Kwa nini biti lako likifika studio nyingine linakuwa bubu?

Hii ilinitokea mimi mwenyewe, naielezea sasa hivi kwa sababu hasira zimeshaisha. Nimekesha siku tatu natengeneza biti kwenye laptop nyumbani, piano tamu, besi inatembea, vayolini za kufungulia koras, nikatia faili kwenye flashi nikapanda daladala mpaka studio ya watu kumrekodi jamaa yangu. Kule wana FL Studio, programu ya kutengenezea biti, kama yangu, toleo lilelile. Tunafungua, kikatokea kidirisha kinalalamika kuna plagini hazipatikani, tukakifunga, nikabonyeza spesi: du, du, ka, du. Ngoma peke yake. Noti za piano zipo pale kwenye skrini zimepangana vizuri kabisa, mstari unapita juu yake, na hakuna kinacholia. Msanii ananiangalia kama mtu aliyealikwa pilau akaletewa wali mkavu.

Sasa kwa nini? Kwa sababu ile piano haijawahi kuwepo ndani ya faili langu, hata siku moja. Ilikuwa inakaa kwenye laptop, kama programu nyingine kabisa iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ndo hiyo plagini, na FL Studio ilikuwa inaikaribisha tu kama mgeni. Ngoma zililia kwa sababu ni sampo, yaani vipande vya sauti, za FL yenyewe, na kule FL ipo.

Tuanze na kidole. Ukibonyeza kibodi ya muziki, kinachoingia kwenye kompyuta si sauti, ni ujumbe mfupi wa namba: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, afu baadae ujumbe mwingine kwamba kidole kimetoka. Utaratibu huo unaitwa MIDI, upo tangu 1983, na namba zake zinaanzia 0 zinaishia 127, C ya katikati ya piano ni 60. Basi. Hakuna piano humo, hakuna gitaa. Ni kama ile karatasi ya do re mi ya mwalimu wa kwaya, hata uisogeze kwenye maiki namna gani karatasi haiimbi, inasubiri kwaya ije.

Kwaya ndo plagini. Na hapa pana kitu ambacho watu wengi wanaopiga biti kila siku hawajawahi kukifikiria: FL Studio, au wenzake kama Cubase na Ableton, haijui kabisa piano inaliaje. Inachofanya ni kumpelekea mgeni bakuli tupu na orodha ya noti, inamwambia jaza. Sekunde moja ya sauti kwa kawaida ni namba 44,100, na haziombwi zote kwa mpigo, zinaombwa kwa mafungu. Ukubwa wa fungu moja ndo unaitwa bafa. Bafa ikiwa 512, plagini inatakiwa ijaze namba 512 ndani ya milisekunde kama 12, irudishe bakuli, ipewe lingine, hivyo hivyo mpaka wimbo uishe. Ikichelewa mara moja tu, bakuli linarudi halijajaa na spika inatoa ule mkwaruzo wa tss-tss tunaoujua. Ndo maana laptop yako ikichoka unaongeza bafa: unampa mgeni muda mrefu zaidi. Ila unalipia, maana ukiweka 2048 unabonyeza kibodi leo sauti inakuja karibu kesho (milisekunde 46 hivi, kwa sikio la mpigaji ni nyingi).

Plagini yenyewe inajazaje? Zipo za namna mbili kubwa. Sinthi inapiga hesabu, inachora mawimbi yenyewe papo hapo, kwahiyo faili lake ni dogo lakini prosesa inatoka jasho, Serum na Sylenth1 ni za ukoo huu. Sampla yenyewe inacheza rekodi za ala halisi. Mtu alikaa na piano ya kweli akarekodi kitufe kimoja kimoja, kwa upole, kwa nguvu kidogo, kwa nguvu zaidi. Piga hesabu: vitufe 88, kila kimoja mara kumi, hizo ni rekodi 880 na bado hujagusa pedali. Ndo unaelewa kwa nini kinanda kimoja kinakula gigabaiti na bando lako la mwezi linaisha kabla hakijamaliza kushuka. Kontakt ya Native Instruments inafanya kazi hivyo. Na faida ya sampla ni kwamba unaweza kujirekodia mwenyewe, ukitaka zeze au nyatiti huna haja ya kusubiri mtu wa Ulaya aikumbuke, chukua maiki, tafuta mpigaji, mlipe.

Lakini kwa nini FL au Cubase ikaribishe wageni badala ya kupika kila kitu yenyewe? Hapa historia inasaidia. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa Cubase yenye kitu kinaitwa VST, na badala ya kukifungia ndani ikawaachia watengenezaji wengine maelezo ya jinsi ya kukitumia, yaani mlango upo hivi, bakuli lina umbo hili, tengeneza chako kitaingia. Mwanzoni zilikuwa efekti tu, mwangwi na vitu kama hivyo. Mwaka 1999 likaja toleo la pili la VST, hilo plagini ikaweza kupokea noti, na hapo ndo ala zenyewe zikaanza kuingia kwa mlango huo. Kabla ya hapo mara nyingi ukitaka sauti mpya ulinunua kinanda kingine, chuma kabisa, unakibeba begani. Baada ya hapo mtu mmoja chumbani kwake akawa anaweza kuandika sinthi na ikafunguka kwenye programu za makampuni ambayo hajawahi hata kuyasalimia.

Shida ni kwamba milango si mmoja. Apple wana wa kwao, Audio Units, na Logic, programu yao ya muziki, haifungui mwingine. Pro Tools, programu nyingine ya studio, wana AAX. Kwahiyo kabla hujashusha gigabaiti zako angalia kwanza inakuja kwa mlango upi. Hata VST yenyewe imegawanyika: ile ya zamani kwenye Windows ni faili la dll ambalo kila mtu aliliweka folda anayoitaka, VST3 iliyotoka 2008 ina makazi rasmi, Program Files, Common Files, VST3. Nusu ya maswali ya "nimeinstoo mbona haionekani" jibu lake ni hilo, dll imekaa folda ambayo programu haiendi kuangalia. Kwenye FL ingia Options, Manage plugins, ongeza hiyo folda afu bonyeza Find installed plugins uiache iskani.

Na jambo lingine, mara nyingi mgeni haishi chumba cha pembeni, anaishi sebuleni kwako. Plagini inaendeshwa ndani ya programu yako, kwahiyo ikianguka inaondoka na nyumba nzima, biti lako ambalo hukulisevu likiwemo. Za kraki, zile za wizi, ndo zinaongoza kwa hili, sisemi kuwatisha, nimezitumia na zimenilaza macho. Siku hizi zipo za bure halali ambazo ni nzuri kweli, Vital kwa mfano ina toleo la bure tangu 2020 na kwa sinthi ya kawaida hukosi kitu.

Turudi studio. Faili linabeba nini sasa? Noti, jina la plagini, na mkao wa vifundo vyake vyote. Plagini yenyewe hapana, na hata ukisevu kwa ile njia ya zip ya FL inayokusanya sampo zako, bado haimbebi mgeni. Kwahiyo kabla ya kutoka nyumbani geuza kila ala kuwa wav, yaani faili la sauti yenyewe, eksipoti ukiwa umeweka tiki kwenye Split mixer tracks, kila chaneli ya mikisa itoke na faili lake. Wav inalia popote, ila ukishageuza huwezi tena kubadilisha noti kirahisi, kwahiyo lile faili la mwanzo usilifute.

Mi sikuwa na wav. Saa ya studio inahesabika, jamaa akasema washa tu hizo ngoma, akaingia akaimba veso mbili na koras bila piano, kwa kukumbuka. Usiku nimerudi nyumbani nikaweka sauti yake juu ya biti zima: kaimba karibu toni nzima juu yangu. Nikateua noti zote za piano, besi na vayolini, nikazisukuma nusu toni mbili juu, 60 ikawa 62, palipobaki pamepinda nikapanyoosha kwa autotyuni. Sekunde kumi hivi. Ingekuwa ni wav ningekuwa bado naivuta mpaka saa hizi.