Vifuu vitatu, watoto wanne

Kila muhula ukifunguliwa, malalamiko ni yale yale: "Mwalimu, mwanangu kutwa yuacheza mchanga, daftari tupu!" Muhula huu yamezidi, ndiyo maana sisi wa ofisi ya elimu ya awali ya kaunti tunaandika.

Mzazi, daftari la PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, si kipimo. Kipindi cha elimu ya awali ni dakika 30, na sehemu kubwa ni shughuli za kufanya pamoja. Hakuna kupanga nani wa kwanza darasani, msiwaulize walimu.

Juzi kwenye shule moja ya Kisauni, Mombasa, nilikuta watoto wanne chini ya mwembe wakicheza kupikapika, vifuu vya nazi vitatu tu ndiyo sufuria. Wa nne, mgeni, amesimama kidole mdomoni. Mwalimu akaangalia tu. Mara binti mmoja akamsukumia fungu la mchanga: "Wewe muuza nazi. Njoo uuze." Mgeni akachuchumaa, akaanza kupigia bei. Kabla ya kengele walikuwa wameshagombana juu ya bei, wakasuluhiana, na mgeni ameshajua majina yote matatu.

Vingekuwa vifuu vinne, kila mtoto angepika chake kimya. Hicho kifuu kilichopungua ndicho kilichowafanya wasemezane. Mtafiti wa Marekani Mildred Parten alieleza mwaka 1932 kwamba watoto wadogo huanza kwa kucheza peke yao, kisha ubavuni mwa wenzao, kila mtu na lake, halafu taratibu wakajifunza kushirikiana. Sasa wewe unayemfungashia mwanao vyombo vyake vya plastiki "asiombeombe vya watu", somo hilo atalipata wapi?

Kunyang'anyana kutakuwepo. Kisichoruhusiwa ni mtu mzima kuamua ugomvi kwa kiboko, hata kimoja, hata mzazi akisema "mchape tu, nimekuruhusu". Ruhusa hiyo huna. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Lisipotatuliwa, atuandikie barua hapa ofisini: jina la shule, darasa, tarehe, kilichotokea, na nani alishaelezwa. Abaki na nakala. Sauti ya WhatsApp iliyotumwa kwenye kundi la wazazi saa tano usiku hatuwezi kuifungulia faili.