Cheti cha kujitolea hakiongezi pointi za udaktari

Kila matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, ule ujumbe hurudi kwenye magrupu ya wazazi hapa Mwanza: "Mtoto akijitolea hospitali miezi mitatu akapewa cheti, anaongezewa pointi za udaktari. Sambaza!" Kuna mama muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliyenionyesha cheti cha namna hiyo, kimelaminishwa, muhuri wa bluu.

Pointi hutokana na mtihani tu: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kwa udaktari yanayotazamwa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwombaji hujaza namba yake ya mtihani kwenye mfumo wa chuo. Ukitaka kuhakiki, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huu, unapatikana bure mtandaoni, tafuta shahada ya udaktari, kisha soma safu ya sifa. Kujitolea hutakuta. Na kufikisha kiwango cha chini si kupata nafasi; wenye alama za juu hutangulia.

Chanzo cha mkanganyiko hakiko mbali. Vijana hutazama video za Uingereza na Marekani, ambako uzoefu wa hospitali na usaili kweli huhesabika.

Kujitolea si kubaya, kijana atajua mapema kama damu inamtia kizunguzungu. Ila ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa kumwekea mwongozo wenyewe.